Kiti cha Mlangoni

Mwanangu Rukia,

Ukiyaona maandishi haya, umeshagongewa muhuri. Nimeyatia kwenye mfuko wa nje wa begi lako dogo, pale unapoweka pipi za tangawizi za kuzuia kichefuchefu, nikijua huzigusi mpaka uwe umeshawapita wale askari wa kwenye vioo. Kwa hiyo usihangaike kugeuka nyuma. Hawatakuruhusu, na mimi sipo tena pale uliponiacha. Tafuta kiti, kaa, soma. Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandika nimekaa juu ya furushi la vitambaa, na kwa sababu niliacha shule darasa la nne. Shule haikunitafuta, mimi sikuitafuta, tukaachana bila ugomvi.

Sasa hivi umeshuka mtaa wa Dengfeng kuagana na wenzako. Umesema utarudi baada ya Isha. Nakujua, utakaa kwa Mama Saidi, utakula pilau yake, atalia, nawe utalia, kisha mtapiga picha mkiwa na macho mekundu. Ninao muda.

Mambo ya sweta, ya sala, ya vijana wenye hereni, sitakuandikia. Hayo mama yako angeyasema vizuri, na angekuwa hai ungekuwa umeshachoka kuyasikia. Mimi nikikwambia usali utaniuliza mara ya mwisho nilionekana lini msikitini Alfajiri, nami sitaki kuianza safari yako kwa uongo. Uongo upo, lakini ni mwingine. Nitaufikia.

Nataka tuzungumze kuhusu hiyo kazi unayoikimbilia. Siku uliponiambia kwamba unakwenda Uingereza kusomea ualimu, na kwamba shule waliyokupangia ina watoto wa watu wa misafara, na wewe ndiye utakayesimama nao, nilikucheka. Ukanionyesha kwenye simu picha ya nyumba zao. Nikasema hilo ni kontena lenye pazia. Ukakasirika, halafu ukacheka, kwa sababu kweli ni kontena lenye pazia. Nikauliza kama wanafungasha wenyewe au wana mpakiaji kama mimi.

Ukaanza kunipa somo. Kwamba kuna Wajipsi wa Kiingereza wanaojiita hivyo wenyewe na kutembea kifua mbele, kuna Waroma waliotoka mashariki ya Ulaya ambao jina hilo hilo kwao ni tusi, na kuna Wasafiri wa Ireland, nao ni wengine kabisa. Nikakuuliza, sasa mtu atajuaje? Ukasema, "Si unauliza, Baba." Nikacheka tena, lakini lile liliniingia. Miaka yote niliyokaa hapa Guangzhou, China, nimeitwa majina: shetani mweusi mtu akikasirika, pengyou, yaani rafiki, akitaka ninunue. Wa kuniuliza sijamwona bado.

Ukaniambia wako miongoni mwao wasioosha vyombo kwenye beseni la kunawia mikono, kila kitu na chombo chake, na mgeni akikataa kikombe chao cha chai wanajua amewaona wachafu. Hao ni watu safi kuliko baba yako aliyewahi kuloweka soksi kwenye sufuria ya wali, na mama yako akaitupa sufuria, akataka kunitupa na mimi. Basi wewe kunywa hiyo chai. Hata ikiwa na maziwa ya kuzidi, kunywa. Mwalimu wa kaka yako alifika kwetu mara moja tu, akasimama mlangoni, akakataa kikombe kwa mkono hivi, na mimi nikambebea kinyongo mwaka mzima. Huenda kiu hakuwa nacho tu, maskini. Mtu anayedharauliwa kila siku haweki hesabu ya huenda.

Halafu ukasema neno ukiwa unakata vitunguu, umenipa mgongo. Ulisema watoto wale wakiondoka kufuata kazi za baba zao, au maonyesho ya farasi, wakirudi wanakuta wako walimu waliokwisha kuwakatia tamaa. "Wanasema hawa hawakai, Baba." Mimi nikatoka nje kwenda kununua sigara. Ulidhani ni sigara.

Wewe ulikuwa mdogo sana, ulikuwa unakula chaki. Kwa hiyo kisa cha kaka yako Shaabani unakijua kwa vipande, na vipande nilivyokupa mimi ni vile ambavyo ndani yake mimi natoka mzuri. Leo kichukue kizima.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Kangle, chumba cha juu ya kiwanda cha suruali. Cherehani zilikuwa zinatetemesha kitanda mpaka mama yako akawa hapati usingizi siku za mapumziko, kwa ajili ya kimya. Shule za serikali hazikuwa na nafasi kwa watu wa karatasi kama zetu. Meiyou. Hakuna. Ndilo neno la kwanza la Kichina mfanyabiashara analojifunza na ndilo la mwisho analosikia. Shule za kimataifa nazo, mlango tu ulikuwa unagharimu kontena. Ikapatikana moja ya binafsi, ya kichochoroni, ya watoto wa mafundi cherehani waliotoka mikoani. Watoto wale nao walikuwa wa kuja na kuondoka. Sikukuu ya mwaka mpya wanarudi kwao, wengine hawaonekani tena. Mkuu wa shule alimchukua Shaabani kwa furaha. Baadaye nikaelewa furaha yake. Alitaka sura ya mtoto wa kigeni aibandike kwenye bango getini, wazazi waone shule imepanda daraja. Akampiga picha ameshika kitabu, anacheka, jino moja halipo. Kitabu kilikuwa cha mwalimu. Alipomaliza kupiga picha alikirudisha.

Kaka yako alikishika Kichina kama mafua. Alipofika miaka tisa alikuwa anabishana na wenye maduka ya vitambaa mpaka wanakuna vichwa. Nami, baba yako mwenye akili nyingi, nikaona Mungu amenipa mdomo. Nikawa namtoa shule. Kwanza siku za soko kubwa. Kisha siku wateja wa Dar wakija. Kisha safari za mji wa Yiwu, siku nne, tano. Viza ikiisha tunatoka nchini wote, tunangoja, tunarudi. Nilimfundisha kazi vizuri, hilo sijilaumu: usimkatize bosi, ngoja amalize, halafu sema yote. Nilikuwa namwambia, mkalimani anayepunguza maneno ni mwizi kuliko anayepunguza mita. Alilishika hilo. Mtoto yule alikuwa hapunguzi.

Siku moja akaja na ujumbe, mwalimu ananiita. Nikatoka sokoni na manyuzi kichwani. Darasa lilikuwa tupu, viti vile vidogo. Nikamwambia Shaabani anionyeshe chake. Kilikuwa mlangoni kabisa, kimetengana na vingine, mlango ukifunguliwa unakigonga.

Mwanangu, mimi ni mtu wa kupakia makontena. Mizigo ya watu wengi ndani ya boksi moja la chuma, hiyo ndiyo kazi iliyokusomesha. Mzigo wa kwenda mbali unausukuma ndani kabisa. Mzigo utakaoshushwa mwanzo unauweka mlangoni, usisumbue wengine. Nilipoona kiti kile nilikielewa kabla mwalimu hajafungua mdomo. Hakuna mzazi mwingine katika shule ile ambaye angekielewa vile.

Mwalimu akaanza. Msichana tu, amechoka, ana vumbi la chaki kwenye nyusi. Alisema kwa muda. Shaabani alisimama katikati yetu, akangoja amalize, akanigeukia.

"Anasema nina akili."

"Hiyo imetoka kwangu. Endelea."

"Anasema sipo. Siku za mtihani sipo. Nikija sijui wenzangu wamefika wapi."

"Mwambie ulikuwa kazini."

Akamwambia. Mwalimu akafumba macho kidogo, akasema tena, sasa polepole, kama mtu anayemwonea huruma mtoto lakini maneno yenyewe lazima yapite.

"Anasema watoto kama mimi hatukai," akasema Shaabani. "Anasema vitabu ni vichache, anampa atakayemaliza mwaka. Niko mlangoni ili nikiondoka nisiwasumbue wengine."

Alilisema kwa sauti ile ile ya kuniambia bei ya jora. Hakupunguza neno. Mtoto wa miaka tisa amesimama, ananitangazia yeye mwenyewe kwamba hatarajiwi. "Kama mimi." Mwalimu alisema kama yeye, na mtoto, kwa kuwa ni mkalimani mzuri, akageuza ikawa mimi.

Pale palikuwa pa kusema, mwalimu, tusamehe, kosa ni langu, mpe mtoto kitabu. Maneno mafupi, hata Kichina changu kibovu kingeyafikisha. Lakini mimi nikichomwa natania, unanijua. Nikasema:

"Mwambie na yeye hakai. Akipata bwana mwenye kiwanda, hiyo chaki ataiacha hapo hapo mezani."

"Baba, hilo siwezi."

"Wewe kazi yako kusema. Kuchagua si kazi yako."

Akasema. Nikaona wekundu unampanda mwalimu kutoka shingoni. Baadaye sana fundi mmoja wa pale chini alinieleza kwamba msichana yule alikuwa na mtoto wake mdogo aliyemwacha mkoani kwa bibi, na mume hajulikani alipo. Wakati ule sikujua. Ningejua, wallahi sijui kama ningenyamaza, na hilo ndilo baya zaidi.

Alijibu kitu kifupi.

"Anasema twende," akasema Shaabani.

Tulipokuwa tunashuka ngazi nikamgusa bega. "Umemwona alivyoiva?" Hakucheka. Nilikuwa nimeufanya mdomo wa mwanangu barabara ya matusi, ya kwenda na ya kurudi, na nikashangaa kwamba una vumbi.

Kesho yake nikaenda naye sokoni, kwa yule laoban wa vitambaa, bosi wa kike mnene aliyekuwa akimwekea karanga. Yule mama akamchangamkia. Shaabani akatazama viatu vyake.

"Uliza bei," nikamwambia.

Akasugua kiatu kimoja juu ya kingine.

"Shaabani. Uliza bei."

"Sijui Kichina."

"Hujui toka lini?"

"Sijui."

Nikampiga kofi, pale pale katikati ya majora. Yule mama akatoka nyuma ya meza yake na rula ya mita, akanisukuma nayo kifuani hadi nje ya duka, anapiga kelele, watu wamejaa. Na hapakuwa na mtu wa kunitafsiria anasema nini. Nadhani nilielewa.

Hakusema Kichina tena. Si kwa peremende, si kwa fimbo, si kwa mama yako aliyembembeleza akilia. Akiulizwa swali kwa Kichina, anajibu kwa Kiswahili cha Tanga, yule mtu anaondoka anatikisa kichwa. Nilisema mtoto amerogwa. Nilitaka awe amerogwa, maana mganga ana bei lakini baba huwezi kumrudisha dukani. Tukampeleka kwa bibi yako Tanga. Huko wakamweka darasa moja na watoto waliokuwa wanamfika kiunoni, kwa sababu Kiswahili cha vitabuni hakukijua na hesabu alizifanya Kichina. Akavumilia muhula mmoja, akatoka. Leo anauza vipuri vya pikipiki. Shangazi yako aliniambia maboksi yote ya dukani yameandikwa Kichina, na mteja akiuliza hapa pameandikwaje, kaka yako anasema hajui.

Lile bango unalikumbuka wewe. Kiti kilikwenda kwa mtoto mwingine, kitabu kaka yako hakupata, lakini picha iliendelea kucheka getini. Jua likaila, akabaki meno na shati. Wewe ulipoanza shule ulikuwa unapita chini ya uso wa kaka yako kila asubuhi, unampungia mkono. Mimi nilikuwa nakushikia begi, natazama upande wa pili wa barabara.

Na usidhani wewe uliponea kwa sababu niliongoka. Uliponea kwa mama yako. Siku ya kwanza ya kukuandikisha hakutaka niende. Alichukua bakuli la sambusa, akaenda peke yake, Kichina chake kilikuwa ni hujambo na ghali mno. Akakaa kwenye ngazi mpaka yule yule mwalimu akatoka. Akampa bakuli. Mwalimu akala moja pale pale, amesimama. Kisha mama yako akaingia darasani, akakunyanyua, akakukalisha kiti cha katikati kabisa, akaweka mkono juu ya kichwa chako, akamtazama mwenzake. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaenda kabatini, akakuletea kitabu.

Mama yako alirudi akaniambia, "Huyu ukimtoa shule saa za masomo, mimi na wewe basi." Ndiyo maana wewe ulinifanyia kazi jioni na likizo tu. Alikuwa ananiogopesha kuliko serikali.

Sasa wewe unakwenda kukaa kwenye vikao hivyo upande wa pili wa meza. Atakuja baba wa Kiroma na mwanawe, baba hajui Kiingereza, mtoto anakijua. Mkuu wa shule atasema, huyu mtoto si yupo, atatafsiri. Itakuwa rahisi, na kila mtu atakuwa na haraka. Nakuomba, Ruki, na mimi siombi kitu kwa urahisi: simama useme hapana. Atafutwe mtu mzima, hata kwa simu, hata kikao kiahirishwe. Mtoto asibebeshwe maneno yanayomhusu yeye mwenyewe. Na yule baba akianza kutania, akicheka pasipochekwa, usimwone mjinga wala jeuri. Mpe muda, mwongezee chai. Anatafuta pa kujishika. Mimi ningemiminiwa chai kidogo siku ile, leo kaka yako labda angekuwa anasoma maboksi yake.

Haya. Nilisema uongo nitaufikia.

Juzi hospitalini. Yule daktari mrefu mwenye kalamu tatu. Alisema, akasema, akafungua ile picha ya tumbo langu kwenye kioo, akaonyesha kwa kidole hapa na hapa na hapa. Wewe ulikuwa unaitikia. Ukauliza kitu, akajibu, ukauliza tena kwa sauti ndogo. Kisha ukanigeukia, umeushika mkoba kwa mikono miwili.

"Anasema ini limechoka, Baba. Upumzike, upunguze mafuta, dawa zipo."

Nikacheka, nikasema hata mimi nimelichoka. Ukacheka pia. Umecheka vizuri sana, nakupa pongezi. Lakini mwanangu, daktari hazungumzi muda wote ule kwa ajili ya mafuta. Na tulipokuwa tunanyanyuka, lile boksi la karatasi laini za kufutia machozi alikusogezea wewe, si mimi. Mimi nimeishi nchi hii kwa kutazama midomo ya watu na kupima urefu wa maneno. Nilifundishwa na kaka yako jinsi tafsiri nzima inavyosikika. Umeniibia, mwizi wangu mzuri, na umeniibia kwa mapenzi, na sikuwa na haki ya kukudai chenji.

Ndani ya teksi ukasema, "Baba, nadhani nitaahirisha. Chuo wataelewa." Nikaona mbele yangu ilivyo. Kila wiki wewe katikati, daktari huku, mimi huku, na maneno yanayozidi kuwa mabaya yakipita kinywani mwako, wewe ukiyakata, ukiyasawazisha, ukiyameza uliyoyakata. Mpaka siku ya kuniambia la mwisho, na hilo utalifupisha vipi?

Jana ulipokuwa unapanga nguo nilishuka chini nikampigia Shaabani. Huwa hapokei. Jana alipokea.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ni baba yako."

"Najua."

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Mdogo wako ndiye anayejua. Daktari amemwambia yeye."

Nyuma yake kulikuwa na mtu anajaribu pikipiki, inawaka, inazima.

"Rukia ndiye anayekutafsiria hospitali?"

"Sasa nani mwingine?"

Pikipiki ikawaka, ikazima.

"Mwachie," akasema.

"Eti?"

"Nimesema mwachie, Baba. Aende."

Akakata. Hakusema njoo, wala pole. Miaka yote hii, na neno aliloamua kunipa ni hilo, na wala halikuwa kwa ajili yake, lilikuwa kwa ajili yako.

Basi nikakuongopea. Nilikwambia Mama Saidi amekubali kunipeleka hospitali kila miadi, kwa kuwa Kichina chake ni kizuri na mlo wake ni wa bure. Ukashusha pumzi, ukaendelea kukunja nguo. Mama Saidi sijamwambia kitu. Leo akikuona analia tu kwa ajili yako, na wewe ukianza kumshukuru kwa ajili yangu nimekwisha. Namwomba Mungu pilau iwashughulishe.

Kesho utaona nina mfuko mkubwa wa rangi ya samawati. Utanilaumu kwamba hata siku ya kukuaga nabeba mizigo ya watu. Utanisaidia kuubeba, nakujua. Ndani ni nguo zangu. Ndege yangu ya Dar inaondoka baada ya yako, lango jingine. Kijana wa kwetu ndiye aliyenikatia tiketi. Kontena lililobaki limeshafika bandarini Huangpu, wakala atamaliza, wateja nimewaaga kama mtu anayekwenda likizo.

Chumba nimekirudisha. Hilo nililifanya mwenyewe bila mdomo wa mtu. Nilimpa mwenye nyumba funguo za akiba, nikanyoosha mikono kama mabawa, nikakimbia pale ukumbini nikinguruma. Mama yule alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha nikamwonyesha ubavu wangu wa kulia. Akaacha kucheka. Nikamwonyesha mlango wetu, nikaweka kidole kwenye midomo: usimwambie binti. Akaitikia. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kufanya na mwanamke huyo. Kwa hiyo usirudi Guangzhou kunitafuta. Utakuta wameshaweka cherehani.

Shaabani nimemtumia saa ya kufika. Ujumbe ameusoma. Hajajibu. Inawezekana nikitoka uwanjani nisimwone mtu, nikatafuta basi la Tanga na mfuko wangu, na sitakuwa na la kulalamika. Inawezekana atakuwepo, na ukweli hilo ndilo linaloniogopesha. Tutakuwa mimi na yeye, hapana mtu katikati. Yote aliyonayo ataniambia kwa Kiswahili, nami nitaelewa kila neno. Na daktari wa kule pia. Nilikuwa nimezoea habari zangu zinifikie zimeshakaushwa kidogo.

Wewe siku ya kwanza usianze na vitabu. Simama darasani utazame nani amekalishwa mlangoni. Halafu mhamishe. Usitoe hotuba, mhamishe tu, kama alivyofanya mama yako.

Nasikia viatu vyako ngazini. Umewahi. Umesimama na mwenye nyumba, mnaongea Kichina, haraka haraka. Sielewi hata neno. Sasa yeye anasema peke yake. Anasema muda mrefu.

Sasa umecheka. Mtu aliyeambiwa hawezi kucheka hivyo. Au anaweza, wewe ulicheka vizuri vile vile juzi.

Nakunja. Utaingia, utaniuliza kama nimekula, nami nitasema nimekula. Kama unasoma haya upande wa pili wa vioo, basi hukujua. Au ulijua, ukaenda. Nikuombe kitu kimoja, usiniambie ni lipi.

Baba yako.